Kamba ya Mita 24: Mwongozo wa Kufundisha Hisabati kwa Maswali Yenye Majibu Mengi

"Bustani ya mstatili ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Tafuta mzingo wake." Swali hili nimeliandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoandika jina langu. Darasa langu la Sita, huku Tandahimba mkoani Mtwara, walilijibu vizuri tu: 8 jumlisha 4 jumlisha 8 jumlisha 4, mita 24. Wote wamepata. Wiki mbili baadaye nikawauliza mzingo ni kitu gani, nusu ya darasa wakanijibu ni urefu mara upana.

Nikaligeuza swali. "Bibi ana kamba ya mita 24. Anataka kuzungushia banda la kuku la mstatili. Banda hilo linaweza kuwa na urefu na upana gani?" Hesabu ni ileile, ila sasa jibu ndilo limetangulia na swali linatafutwa. Siku ile hakuna aliyesinzia, na tangu hapo nimekuwa nikifundisha hivi angalau kipindi kimoja kwa wiki. Hapa naeleza ninavyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipoharibu.

Swali la namna hii naliita swali wazi. Uwazi wake uko wa aina tatu. Kuna swali lenye majibu mengi, kama la kamba. Kuna lenye jibu moja lakini njia nyingi za kulifikia. Na kuna lile ambalo mwanafunzi mwenyewe ndiye anayeunda swali kutokana na jambo alilopewa. Ukianza, anza na aina ya kwanza. Ndiyo rahisi kuiona na hata mtoto mwoga anapata la kuandika.

Hatua ya 1: Geuza swali la kitabu, usitunge jipya

Walimu wengi hukwama hapa kwa kudhani wanatakiwa kuvumbua. Kitabu cha kiada kimejaa maswali mazuri yaliyofungwa. Kazi yako ni kuyafungua. Mimi nina njia tatu.

Njia ya kwanza ni kutoa jibu na kuomba swali. Badala ya kuwapa wastani wa 10, 14, 9, 15 na 12, sema: "Wakulima watano walipeleka korosho ghalani. Wastani ni magunia 12 kwa kila mkulima. Kila mmoja anaweza kuwa alipeleka magunia mangapi?" Atakayeandika 12, 12, 12, 12, 12 yuko sahihi. Atakayeandika 1, 2, 3, 4, 50 yuko sahihi pia, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, kwa sababu watoto wa huku wanajua kijiji ambacho mtu mmoja ana magunia 50 na wenzake wana gunia moja moja. Nimewahi kusikia mtoto akisema, "Kumbe wastani unaficha." Sikuwa na la kuongeza.

Njia ya pili ni kuondoa namba moja. "Bei ya viatu imepunguzwa ikawa shilingi 9,000. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi, na punguzo lilikuwa asilimia ngapi?" Watakuja na 10,000 kwa asilimia 10, 12,000 kwa asilimia 25, 15,000 kwa asilimia 40, 18,000 kwa asilimia 50. Atakayejaribu 11,000 atakutana na asilimia isiyotimia. Mwache aisumbukie.

Njia ya tatu ni kuweka sharti. "Tafuta sehemu mbili ambazo jumla yake ni 1, ila asili zake zisiwe sawa." Au: "Andika namba ambazo ukizigawanya kwa 7 zinabaki 3." Hili la mwisho linafungua mlango wa vigawe bila wewe kutaja neno kigawe.

Kuna la nne ambalo silitumii mara kwa mara, lakini wanafunzi wanalipenda: swali lenye upungufu. "Gari limetoka Mtwara saa 2 asubuhi kwenda Lindi, kilomita kama 110. Litafika saa ngapi?" Hapo lazima wakuulize: ni basi au bodaboda? Linapakia abiria njiani, pale Mnazi Mmoja? Dereva anakimbiza? Wanagundua wenyewe kwamba bila mwendokasi hakuna jibu, na kwamba kila mwendokasi una jibu lake.

Hatua ya 2: Lifanye mwenyewe usiku, tena kwa njia ya mtoto

Hatua hii usiiruke. Kaa na swali lako, kunja karatasi katikati. Upande wa kushoto andika majibu yote unayoyategemea. Kulia andika makosa unayoyategemea na utakalosema kwa kila kosa. Kwa swali la kamba, karatasi yangu ilikuwa na majibu ya namba nzima sita: 1 kwa 11, 2 kwa 10, 3 kwa 9, 4 kwa 8, 5 kwa 7, 6 kwa 6. Upande wa makosa niliandika "4 kwa 6, kwa sababu 4 mara 6 ni 24" (linatokea kila mwaka, bila kukosa) na "12 kwa 12, kwa sababu wamesahau pande mbili".

Karatasi hii ndiyo inayokuokoa. Mwalimu asiyeijua njia ya mtoto hawezi kuisikia hata ikisemwa mbele yake.

Hatua ya 3: Uliza kwa ufupi, na usitoe mfano

Kipindi ni dakika 40. Mgawanyo wangu ni huu: dakika 3 za kuuliza, 7 za kila mtu kufanya peke yake, 8 za kujadili dawatini, 15 za ubaoni, na 7 za kuandika daftarini. Ukichelewa mwanzo, utakula dakika za ubaoni, na zile ndizo somo lenyewe.

Soma swali mara mbili. Mwombe mwanafunzi mmoja alieleze kwa maneno yake. Chora kamba ubaoni kama mstari uliopindapinda, si mstatili. Kisha nyamaza.

Mfano ndio unaoua swali. Nilipoandika "kwa mfano 4 kwa 8" kwenye mkondo mmoja, daftari zaidi ya sabini zilirudi na 4 kwa 8, na chache zikathubutu 8 kwa 4. Watoto wetu wamezoea kwamba anachoandika mwalimu ndicho kinachotakiwa. Wakikuuliza, "Mwalimu, tufanye kama nani?" jibu ni: "Fanya kama wewe."

Hatua ya 4: Kwanza peke yake, kisha dawati

Ukianza na makundi, mtoto mwenye sauti kubwa atafanya kazi na wengine wataangalia. Dakika saba za mwanzo ni za kimya, kila mmoja na penseli yake. Baada ya hapo, wale watatu wa dawati moja waoneshane. Kazi yao si kukubaliana jibu moja. Kazi yao ni kukusanya majibu tofauti kadiri wanavyoweza na kumrekebisha mwenzao aliyekosea.

Mkondo wangu una wanafunzi zaidi ya 90, na najua wapo wenye zaidi. Msongamano ndio sababu ya kwanza inayotolewa na walimu wasiofundisha hivi. Kwa uzoefu wangu, wingi unasaidia aina hii ya somo kuliko unavyoliumiza: wanafunzi 90 watakuletea majibu ambayo 30 wasingeyafikia. Kinachohitajika ni kupita. Usipite madawati yote. Pita safu mbili leo, mbili kesho.

Zana? Kamba ya katani ya mita 24 kwa darasa zima, na kwa kila dawati uzi wa sentimita 24. Uzi unakunjwa juu ya daftari la mistari na mtoto anaona upana ukinenepa urefu ukipungua. Ukikosa uzi, ukili wa kusukia mikeka unatosha kabisa, na kwa huku haukosekani.

Hatua ya 5: Pita na kalamu, chagua nani aanze

Unapopita usisahihishe. Ni vigumu, mkono unawasha. Badala yake andika kwenye karatasi yako nani kafanya nini, na panga mfuatano wa watakaokwenda ubaoni. Mimi naanza na jibu la kawaida ambalo wengi wamelipata. Halafu naweka kosa lile nililolitegemea, lakini kwa idhini ya mwenyewe: "Naomba tulitumie hili lako, lina jambo ndani yake." Jibu la ajabu nalibakiza mwisho.

Ukimwita kwanza yule bingwa wa darasa, umefunga swali uliloliacha wazi. Wenzake watafuta majibu yao kimyakimya.

Hatua ya 6: Ubao

Japani, miaka ya 1970, kundi la walimu na watafiti lililoongozwa na Shigeru Shimada lilijaribu maswali ya namna hii shuleni kwa miaka kadhaa, na mwaka 1977 wakatoa kitabu juu yake. Walimu wa huko wana neno kwa kipande hiki cha somo: neriage, yaani kukanda. Majibu ya watoto yanakusanywa na kukandwa pamoja mpaka yashikane. Aliyewahi kukanda unga wa chapati anaelewa: ukiacha mapema, donge linachanika.

Nami niliwahi kuacha mapema. Mwaka wa kwanza nilikusanya majibu, nikayaandika ubaoni yametawanyika kama karanga zilizomwagika, nikasema, "Yote ni sahihi, jipigieni makofi." Wakapiga. Kengele ikalia. Kesho yake mtoto mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani mwalimu, jana tulijifunza nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwa hiyo panga. Majibu yote ya kamba nayaingiza kwenye jedwali moja, kuanzia upana mdogo kwenda mkubwa, na naongeza safu ya eneo ambayo sikuitaja mwanzoni:

Upana 1, urefu 11, eneo 11
Upana 2, urefu 10, eneo 20
Upana 3, urefu 9, eneo 27
Upana 4, urefu 8, eneo 32
Upana 5, urefu 7, eneo 35
Upana 6, urefu 6, eneo 36

Kisha nauliza swali moja tu: "Mnaona nini?" Nasubiri. Nahesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano, maana mwalimu akinyamaza sekunde tatu huona amenyamaza mwaka.

Wa kwanza husema upana na urefu ukijumlisha ni 12 kila mara. Hiyo ndiyo nusu ya mzingo, na sasa wameipata wenyewe. Mwingine husema 1 kwa 11 si banda, ni korido, kuku watapanga foleni. Cheka naye, halafu umuulize kwa nini linabana ilhali kamba ni ileile. Mwaka juzi binti wa dawati la nyuma, ambaye sijui kama alikuwa amenyoosha kidole muhula ule, alisema: "Mwalimu, eneo linaongezeka huku linachoka." Nikamwomba aje aoneshe. Akaandika pembeni ya jedwali: 9, 7, 5, 3, 1. Darasa likalipuka, "Witiri!" Nilikuwa nimefundisha swali hilo miaka mitatu bila kuangalia ile tofauti.

Ubishi mwingine uache uishi. Je, 2 kwa 10 na 10 kwa 2 ni banda moja au mawili? Wapo watakaosema ni moja, umeligeuza tu. Wapo watakaosema mlango ukiwa upande wa barabarani ni mawili. Huu ndio ubishi wa kihisabati, na wewe usiwe hakimu. Waambie waamue darasa lao linahesabuje, na washike uamuzi huo hadi mwisho.

Nao wale wa 4 kwa 6? Usiwaambie wamekosea. Waite mbele, wape kamba ya katani, wasimamishe wenzao wanne kwenye kona na waizungushe. Kamba itabaki mita nne imelala chini. Hakuna anayehitaji kuambiwa kitu.

Hatua ya 7: Funga kwa maandishi yao

Dakika saba za mwisho kila mwanafunzi anaandika sentensi mbili daftarini: nimegundua nini, na nani alinionesha. Kisha wewe, baada yao, andika kanuni ubaoni kwa lugha ya kitabu: mzingo wa mstatili ni 2 mara jumla ya urefu na upana. Ndiyo, iandike. Wapo wanaodhani swali wazi maana yake kanuni isitajwe, mimi siafiki. Mtihani wa Darasa la Saba hautamuuliza mtoto alichogundua. Maswali yake mengi ni ya kuchagua herufi. Lakini anayejua kanuni ilikotoka hababaishwi na herufi iliyotegwa.

Mfano wa pili: mikorosho kwenye shamba la mita 36 kwa 48

Huu ni wa njia nyingi, na kwa huku kwetu hauna mpinzani. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, kinashauri mikorosho ipandwe kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Mkulima ana shamba la mita 36 kwa 48. Atahitaji miche mingapi?

Wanaopenda hesabu za haraka watafanya 36 mara 48, wapate 1,728, wagawanye kwa 144, wapate 12. Wanaochora wataweka mche kwenye kila kona, watahesabu minne upande huu na mitano upande ule, na kupata 20. Tofauti ya miche minane kwenye shamba dogo kama lile! Andika 12 na 20 kwa namba kubwa ubaoni, kaa chini, waache wapambane.

Kila mwaka anatokea mtoto anayesema 20 haiwezekani, kwa sababu mti ulio mpakani utaingiza matawi kwa jirani na korosho zitadondokea kwake. Baba yake, anasema, huanza mita sita kutoka mpakani. Ukichora hivyo unapata mitatu kwa minne, yaani 12, na ile hesabu ya eneo sasa ina maana: kila mti una mraba wake wa mita 12 na umekaa katikati yake. Wengine wataleta 15 au 16, kwa kuwa pande mbili zinazoelekeana zimepakana na barabara na huko hakuna jirani wa kugombana naye. Sahihi. Mwulize tu aseme ni pande zipi.

Kwa waliomaliza mapema, waulize ekari moja inabeba miche mingapi. Ekari ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni miche 28 hivi. Wapeleke nyumbani wakahesabu ya kwao. Ila usiwape kazi hii Oktoba na Novemba, wakati wa minada, maana nusu yao wako mashambani wanaokota, na wakirudi wana usingizi.

Mfano wa tatu, kwa ufupi

Huu nimeuchukua kwa wale Wajapani, wao walitumia gololi. Wanafunzi watatu, kila mmoja anarusha visoda (vifuniko vya soda) vitano sakafuni. Aliyevirusha vikakaa karibu karibu zaidi ndiye mshindi. Utapimaje ukaribu? Wengine wataunganisha visoda kwa mstari na kupima mzingo, wengine eneo la umbo, wengine watatafuta duara dogo kuliko yote linaloweza kuvifunika. Kila kipimo kina siku kinapodanganya: visoda vikikaa kwenye mstari mmoja mrefu, eneo ni sifuri ilhali vimetawanyika. Darasa la Saba wanaliweza. La Tano walinishinda.

Kusahihisha bila kukesha

Natumia pata tatu, yaani alama tatu za vema. Pata ya kwanza kama kuna jibu sahihi hata moja. Ya pili kama kuna majibu au njia za aina tofauti (3 kwa 9 na 9 kwa 3 nahesabu kama aina moja). Ya tatu kama kuna maelezo ya sababu, hata kwa mchoro. Daftari moja halizidi nusu dakika. Alama hizi sizichanganyi na za mtihani, naziweka ukurasa wake.

Mkaguzi mmoja aliyeketi nyuma ya darasa langu aliniuliza baada ya kipindi, "Mbona sikuona jibu ubaoni?" Nikamwonesha jedwali lenye majibu sita. Akasema yeye alikuwa anatafuta lililopigiwa mistari miwili. Tangu hapo kwenye andalio la somo naandika wazi, sehemu ya shughuli za mwanafunzi, majibu yote ninayoyategemea, na kanuni ya mwisho napiga mistari miwili. Haigharimu kitu na inaepusha maneno.

Daftari la mwaka ujao

Jioni ya siku hiyo, kabla hujasahau, andika kila jibu ambalo halikuwa kwenye karatasi yako. La kwangu la kamba lina majibu mawili. La kwanza la kijana aliyeuliza kwa nini bibi asitumie ukuta wa nyumba kama upande mmoja: kamba ileile inatoa 6 kwa 12, mita za mraba 72, mara mbili ya banda kubwa la ubaoni. La pili lililetwa kesho yake asubuhi na dada yake wa Darasa la Saba, aliyesimulia kwamba kwao banda liko kwenye kona ya nyumba na jiko, kuta mbili zimeshasimama. Mita 12 kwa 12, ile niliyokuwa nimeiandika upande wa makosa.